Bahari ya Mjomba Ilikuwa Pipa

Siku ya hitma ya mjomba wangu Hamisi umeme ulikatika, vijana wakawasha jenereta uani. Haikupita muda harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikaingia ukumbini na kutukuta wanawake tumekaa mkekani na sinia za pilau, na mimi nikalirudisha tonge kwenye sinia. Msije mkadhani ni uchungu. Hiyo ndiyo harufu ya mjomba, na kila nikiisikia hasira hunipanda kabla huzuni haijapata nafasi. Huko barazani mzee mmoja alikuwa anaeleza kwa sauti ya juu kwamba mji huu haujapata kuwa na fundi wa mashine za boti kama marehemu, na wenzake wanaitikia, "Kweli kabisa, kweli kabisa." Kweli kabisa nini? Nikamtazama mama yangu, dada wa marehemu, nikitegemea angalau asonye. Mama alikuwa anachambua mfupa kwenye sinia, hana habari nao.

Najua si adabu kumsema marehemu. Mungu amrehemu, amuepushe na adhabu ya kaburi, na mimi anisamehe, lakini nitasema. Ninyi wa rika langu mliokulia Kariakoo mnamjua mtu wa namna yake. Kila mtaa ulikuwa naye mmoja: anajua kila kitu, anaongea kwa sauti, na kiunoni ana lundo la funguo ambazo hakuna anayejua zinafungua nini. Wa mtaa wetu alikuwa mjomba.

Tulikaa nyumba ya babu, hiyo hiyo iliyosomewa hitma, ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Baba alikuwa amefariki, na mama alirudi pale na mimi na godoro letu. Chumba cha mbele mjomba alikigeuza duka la vipuri vya mashine za boti na pampu za maji. Ukutani zilitundikwa propela za kila saizi zikimetameta, na chini palijaa plagi, pini, mipira ya mafuta na makopo ya oili. Lakini ufalme wake haukuwa humo ndani. Ulikuwa nje, mlangoni, kwenye pipa la bluu lililokatwa juu na kujazwa maji, na ubao mnene umefungwa ukingoni ili mashine ya boti ipachikwe.

Jamani, lile pipa! Mteja akija kuulizia mashine, mjomba haanzi kumjibu. Kwanza anaingia chumbani anavaa ovaroli lake jeupe, ambalo mama ndiye alilifua na kulipiga pasi. Halafu anatoka, anakohoa, anawatazama wapita njia mpaka wanasimama. Hapo ndipo anavuta kamba. Mashine inaunguruma ndani ya pipa, maji yanachemka kwa povu, yanarukia wauza mitumba waliokuwa wanakatiza kwenda Mchikichini, moshi wa buluu unajaa mtaa mzima, na mjomba amesimama katikati ameweka mikono kiunoni anapiga kelele, "Mnasikia hiyo? Hiyo bahari inakemewa!" Watu wanapiga makofi. Wachukuzi wanaweka mizigo chini, madalali wanaacha wateja wao. Mashine inanguruma weee, haiendi popote, na watu wanapiga makofi.

Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa mtoto. Niliamini kabisa kwamba bahari ilianzia kwenye lile pipa, kwamba kule chini kuna bomba linaloenda mpaka Magogoni, na mjomba akivuta kamba hapa mawimbi yanatulia kule. Nikiulizwa shuleni mjomba wako anafanya kazi gani nilijibu kwamba anaendesha bahari. Mwalimu alicheka, nami nikamdharau mwalimu kwa kutojua mambo.

Watu walimwita Injinia. Hakuna chuo alichosoma, na hilo kwangu si kosa, wangapi hawajasoma na wanajua kazi? Kosa lake ni kwamba hata kwenye boti alikuwa haingii. Aliogopa maji. Kila alipoitwa Feri, kwenye soko la samaki ufukweni, kuangalia mashine ya mtu, alisimama pale mchangani juu ya sanduku la barafu ili viatu visilowe, akaelekeza kwa kidole. "Kushoto kidogo. Juu kidogo. Hapo hapo, usiguse." Nikamuuliza siku moja kwa nini hapandi. Akaniambia, "Tatu, dereva ndiye anayepanda. Injinia anaangalia kwa mbali." Nikaona ni jibu kubwa sana.

Sasa mama. Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa ananunua samaki mnadani Feri na kuwauza Kariakoo, na aliijua bahari kwa upande wake mchungu. Baba alikuwa mvuvi. Wakati mmoja mashine yake ya pekee ilizima huko nje, akaelea na wenzake kutwa nzima bila tanga wala kasia la maana, mpaka wakaokotwa na wapita njia. Hakuwa yule yule tena, na mama hakusahau. Alipofiwa, akaapa kwamba akija kuwa na boti itakuwa na mashine mbili, moja ikifa nyingine iwarudishe watu kwao. Akauza kiwanja walichokuwa wamenunua na baba Mbagala, akatengenezewa boti ya faiba, akatafuta mashine mbili zilizotumika lakini nzima.

Wanaume wa ukoo wakaja juu. Mwanamke na boti wapi na wapi! Mjomba akajifanya msuluhishi. Akasema yeye hana neno, dada yake amiliki tu, ila kwa masharti: mashine azifunge yeye, na boti ikishindwa kazi, irudi mikononi mwake aisimamie, maana hawezi kuacha mali ya familia izame kwa sababu ya ukaidi wa mwanamke. Mali ya familia! Kiwanja kiliuzwa na mama, jasho la baba, yeye hata msumari hakutoa. Mama alikubali kwa kuwa alikuwa anakaa nyumba ile na hakuna nahodha ambaye angepanda boti iliyogombewa na ukoo.

Niwaelezee kidogo kuhusu mashine, maana hapa ndipo pumba zote zilipo. Mashine ya boti hupachikwa nyuma, kwenye ubao mnene. Ukiipachika juu sana, propela inakula hewa, inalia bure. Ukiishusha sana, inalima maji na kunywa mafuta. Halafu kuna namna ya kuiinamisha. Pale chini pana matundu yamepangana na pini moja. Ukiipeleka pini matundu ya nje, mguu wa mashine unakaa mbali na boti na pua ya boti inanyanyuka. Ukiirudisha matundu ya ndani, pua inashuka. Zikiwa mashine mbili, zote zikae kimo kimoja na tundu moja. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi, hata mimi niliyeishia kuuza vitenge naweza kuwaeleza.

Siku ya kuishusha boti majini ilisomwa dua pale Feri. Ubani ulifukizwa, halua ikagawiwa, kahawa ikazunguka. Mama alibaki mchangani na masufuria kuwahudumia watu, na sisi wageni tukapakiwa kwenda kuijaribu boti, kama ilivyo desturi. Tulikuwa wanawake watupu na watoto, tumevaa kanga mpya na gauni za sikukuu. Shangazi Kibibi, dada wa baba, mwanamke wa miraba minne, alinusa petroli ya nyuma, akaziba pua na kanga, akaenda kukaa mbele kabisa. Wote tukamfuata. Nani akae nyuma na moshi ule uchafue nguo mpya?

Nahodha wetu, Mbwana, mtu mrefu asiyependa makuu, akawasha mashine zote mbili. Boti ikaenda, lakini pua ilikuwa chini, inachota maji na kutumwagia sisi tuliokaa mbele. Mjomba kule juu ya sanduku lake la barafu akapiga kelele turudi. Akamwagiza Mbwana asogeze pini tundu moja nje. Tukaenda, bado. Tukarudi, pini zikasogezwa tena. Tukaenda, bado. Mwishowe akaamuru pini ziwekwe tundu la mwisho kabisa la nje na chini ya mashine zitiwe vipande vya mbao ziinuke. Safari hiyo pua ikanyanyuka, mashine zikaimba, Shangazi Kibibi akapiga kigelegele, na watu wa Feri wakaacha kuparua samaki wakatutazama. Mjomba akawa anarukaruka juu ya sanduku. Tuliposhuka akaniinua juu mbele za watu akasema, "Umeona, Tatu? Boti ikinyanyua pua, bahari inaiogopa."

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe. Akachukua waya, akaagiza pini zote mbili zifungwe kwa waya na kusokotwa kwa koleo, akatangaza kwamba pale pasiguswe na mtu. Mbwana akasema labda wangeijaribu na mzigo kwanza. Mjomba akamwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akacheka. "Mzee Mbwana, hivi mimi na wewe nani Injinia?" Watu wakacheka naye. Watu wa mji huu bwana, mwenye sauti ndiye mwenye haki.

Boti ikaanza kazi, na balaa likaanza siku hiyo hiyo. Mabaharia wakawa wanarudi wameishiwa mafuta hata kabla ya kufika kwenye samaki. Wakipakia nyavu, barafu, madumu ya mafuta na wao wenyewe, wote huku nyuma karibu na mashine maana ndipo kazi ilipo, boti inakaa kitako na pua inaelekea mbinguni. Inajikokota, inaburuza mlima wa maji nyuma yake, haipandi juu ya maji ikateleza. Wakikata kona, mashine ya upande wa nje inavuta hewa inapiga ukelele. Mbwana akawa anaendesha amesimama, shingo upande, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Mama akawa anarudi kutoka mnadani na kapu jepesi, na nyumbani hazungumzi na mtu.

Na mimi, mtoto mjinga wa mjomba, nilikuwa nakwenda na mama Feri siku za mapumziko, tunakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu asubuhi, na nikiiona boti yetu inaingia bandarini pua juu nilikuwa najivunia. Boti za watu wengine zilikuja zimelala juu ya maji, zimenyooka, za kawaida. Yetu ilikuwa imenyanyua kichwa. Niliwaambia watoto wa wachuuzi kwamba zao zimeshindwa, zinaogopa, na yetu haiogopi mtu. Sikuelewa kwa nini mama alikuwa akiitazama anafumba macho.

Mjomba akaitisha kikao ukumbini. Alikaa kwenye kiti cha babu, miguu ameipishanisha, ovaroli jeupe pe. Mama alikaa chini kwenye kigoda, Mbwana mlangoni.

"Nahodha, sema," mjomba akaanza.

"Injinia, mimi nikiongeza moto naona mawingu tu," Mbwana akasema. "Juzi nusura tupande ngalawa ya watu. Sikuwaona mpaka walipopiga kelele. Vijana wanasema hawawezi. Jumamosi kama hali ni hii wanahamia boti nyingine, na mimi siwezi kwenda peke yangu."

"Hamjazoea boti za kisasa. Boti ya kisasa inatazama juu."

"Inatazama juu, sawa. Mimi je, nitazame nini?"

Mjomba akampuuza, akamgeukia mama. "Zuhura, mashine nimezifunga mimi kwa mkono wangu, na watu wote waliona zinavyokwenda siku ya dua. Uongo?"

"Si uongo, kaka."

"Basi tatizo si mashine. Tatizo ni nani mwenye boti. Kuna vitu havimtaki mwanamke, tusidanganyane. Jumamosi mabaharia wakiondoka, boti naichukua. Tulikubaliana mbele za watu."

Mama alikuwa anaangalia sakafu, akivuta uzi kwenye kanga yake. Nilidhani anaona aibu kwa kuwa na mkosi. Nililala siku hiyo nikimwomba Mungu ampe mjomba ile boti, ili mkosi umtoke mama.

Kesho yake Shangazi Kibibi alikuja kumfariji wifi yake. Walikaa uani, mama anaosha vyombo, shangazi anakula muhogo na kulalamika, kama kawaida yake, juu ya kanga yake mpya iliyochuja kwa maji ya chumvi siku ya dua.

"Si ungekaa nyuma," mama akasema, ili mradi aseme kitu.

"Nyuma? Na moshi ule? Tulikaa wote mbele, tumebanana kama dagaa, mimi nipo kwenye ncha kabisa."

Mama akaacha kusugua sufuria. "Wote mlikaa mbele? Hata watoto?"

"Wote. Muulize mwanao."

Nikasema ndiyo, nyuma alikuwepo Mbwana peke yake. Mama akaendelea kunitazama, mikono ina mapovu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na shangazi akawa anamwuliza kama amepandwa na kitu.

"Wifi yangu," mama akasema alipopata pumzi, "Hamisi amepima boti ya kuvulia samaki kwa makalio yako."

Shangazi alinuna, halafu akaelewa, akacheka naye. Kwa muhogo ule mkononi akawa anajionyesha mwenyewe, "Mimi? Mimi ndiye nilikuwa samaki?" Ndiyo hivyo. Injinia wa mji mzima alizifunga mashine kwa boti iliyojaa mashangazi mbele, akazisokota waya, na akawapeleka wanaume baharini na uzito wote nyuma. Na alipoona mambo yameharibika, badala ya kurudi kuangalia matundu yake akamtafuta dada yake. Hapo ndipo dharau yangu inapoanzia, kama mtataka kujua. Si kwamba alikosea. Kila mtu anakosea. Ni kwamba alikuwa tayari mabaharia wagongane na ngalawa za watu, na dada yake aitwe mkosi, kuliko yeye kulegeza waya.

Ijumaa, mjomba akiwa ametoka msikitini amekula na kulala, mama alinishika mkono tukaenda Feri. Akamwambia Mbwana apakie boti kama siku ya kazi: barafu, nyavu, madumu yaliyojaa, na vijana wote. Kisha akapandisha kanga akaingia mwenyewe, akanivuta na mimi. Vijana wakatazamana. Tajiri, mwenye boti, tena mwanamke, kuingia botini na nyavu zimo ndani, hilo halijawahi kuonekana pale.

"Bi Zuhura, pini Injinia alikataza zisiguswe," kijana mmoja akasema.

"Injinia yupo?"

"Hayupo."

"Analala baharini na ninyi?"

"Hata."

"Lete koleo."

Alikata waya mwenyewe. Mkono wake ulikuwa wa kuparua samaki. Walianza kutoa mbao chini ya mashine ya kushoto na kusogeza pini yake ndani, wakasahau ya kulia, boti ikawa inaenda upande upande na vijana wakaanza kucheka hovyo. Mama naye akacheka. "Zote mbili, jamani, hizi ni mapacha." Wakasawazisha. Wakaenda, pua bado juu. Wakasimama, wakasogeza tena zote mbili, tukaenda tena. Jua lilikuwa kali, chumvi ilinikauka midomoni, na kila tuliposimama harufu ya petroli na oili ilitukalia kichwani. Tundu baada ya tundu, hakuna aliyejifanya anajua. Mbwana akitikisa kichwa wanasogeza, akitikisa tena wanasogeza.

Halafu pua ikashuka. Niliihisi kwenye matako kwanza, boti iliacha kuburuza kitako, ikalala. Mlio wa mashine ukabadilika, ukawa mmoja, laini, na upepo ukaanza kunipiga usoni kwa namna nyingine kabisa. Mbwana, aliyekuwa amesimama muda wote, akakaa chini. Akakaa tu, mikono kwenye usukani, anaangalia mbele. Vijana wakapiga miluzi.

Na mimi nikaangua kilio.

"We Tatu, unalia nini?" mama akauliza.

"Mmeiinamisha," nikasema. "Imeshindwa. Sasa bahari haitaiogopa."

Mama hakunicheka. Alinifuta kamasi kwa upindo wa kanga, kanga ilinuka samaki. "Nani kakwambia bahari inaogopa kitu? Mwanangu, yule mjomba wako bahari yake ni pipa. Tazama mbele. Unaona nini?"

Nikatazama. Nikaona ngalawa ya watu kule mbali, mtu mmoja amesimama anavuta mshipi. Nikaona maboya, na meli imetia nanga, na ufukwe wa ng'ambo. Tangu tutoke ufukweni sikuwa nimeona kitu mbele zaidi ya faiba nyeupe.

Jumamosi mabaharia hawakuondoka. Wakaenda, wakarudi na samaki wa kujaza meza, na mafuta yakabaki kwenye dumu. Feri nzima ikajua. Jioni mjomba alikuwa barazani na kahawa yake, na mimi nikasimama mlangoni nikisubiri aaibike. Nilikuwa nimeshamhesabia namna atakavyoinamisha kichwa. Nikamsikia anawaambia wazee, kwa sauti ile ile, "Niliwawekea mtihani. Nilizifunga juu makusudi nione kama watagundua. Mashine mbili zina siri yake, si kila mtu. Sasa nimewaweka sawa." Na wazee wakaitikia, "Kweli kabisa, Injinia, kweli kabisa."

Nilikimbia uani kumwambia mama. Nikamwambia nenda kamwumbue, nenda sasa hivi, wote wapo. Mama alikuwa anakaanga. Akageuza samaki, akasema, "Mwache na pipa lake. Mimi nina boti." Nikamchukia na yeye siku hiyo. Nilimwona mwoga. Kuanzia hapo sikupiga makofi tena pale mlangoni. Mashine ikiunguruma ndani ya pipa nilikuwa nasimama tu namtazama mjomba na ovaroli lake lisilo na doa, na yeye alijua, maana alikuwa anakwepa macho yangu, mtu mzima hovyo.

Miaka ikaenda. Mashine za mama zilichakaa zikabadilishwa, boti ikazibwa ikapakwa rangi mpya, mtoto wa Mbwana ndiye nahodha sasa. Mjomba aliendelea kusimulia mpaka sauti ikamwisha, na kwenye simulizi zake boti ilikuwa ikihama kidogo kidogo. Kwanza alikuwa amezifunga mashine. Baadaye alikuwa ameitafuta boti. Mwishoni alikuwa ameinunua, akamwachia dada yake tu asimamie, maana ni mjane. Mama alisikia yote hayo. Nilikuwa nikimwuliza, anasema ana kazi.

Basi siku hiyo ya hitma, jenereta likinguruma, pilau likiwa limekwisha, watoto wawili wa mjomba wakaingia ukumbini wakakaa mkekani mbele ya mama kwa adabu zote. Wanaume wazima, wamenyoa vizuri, wamevaa kanzu. Mkubwa, Kassimu, ndiye aliyesema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Shangazi, tumekaa na wazee hapo nje. Tumeona kabla watu hawajatawanyika tuliweke sawa suala la mali za baba. Duka lipo, hilo halina maneno. Sasa kuna ile boti."

Hata Shangazi Kibibi, ambaye sasa anasikia kwa shida, aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshainuka goti moja. Mama akanishika kanga akanikalisha.

"Boti gani, mwanangu?"

"Ile ya mashine mbili, shangazi. Baba katuambia tangu wadogo, aliinunua na akazifunga mashine mwenyewe kwa mkono wake. Hatusemi uondoke. Tunasema tu ijulikane."

Mama akanawa mikono kwenye bakuli taratibu, kidole kimoja kimoja, akajifuta. Mzee aliyekuwa anasifu barazani alikuwa amechungulia mlangoni, na wenzake nyuma yake.

"Alizifunga mwenyewe," mama akarudia.

"Ndiyo, shangazi. Watu wote wanajua."

"Vizuri. Basi mtakuwa mnajua pini zipo tundu la ngapi."

Kassimu akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akamtazama mzee wa mlangoni. Mzee wa mlangoni akaangalia viatu vyake. Wote wale, na sifa zao zote za siku ile, hakuna aliyewahi kuiinamia mashine ya boti ile akaihesabu.

"Pini gani, shangazi?" Kassimu akauliza.

Mama hakucheka, wala hakupandisha sauti. Aliinua mkono uliojaa makovu ya magamba na miiba, akaelekeza nje, mlangoni, pale ambapo akina dada walikuwa wameinama wanasuuza sahani za hitma ndani ya lile pipa la bluu.

"Urithi wa baba yenu ni ule pale," akasema. "Wakimaliza vyombo, uchukueni."